Mgonjwa wa Akili na Jamaa Zake: Mafunzo ya Mirembe



Katika miji yetu ya pwani yako majina matatu ya mahali ambayo tumeyageuza kuwa matusi. Mtu wa Dar es Salaam au Tanga akitaka kumvunjia mwenzake heshima humwambia kuwa yeye ni wa kupelekwa Mirembe. Wa Unguja humtajia Kidongo Chekundu. Na wa Mombasa, ijapokuwa Nairobi ni mbali, humtajia Mathari. Twayasema haya barazani kwa mzaha, watoto wetu wakayasikia, nao wakayarithi. Lakini katika kila mtaa pana nyumba moja au mbili ambazo jina hilo likitamkwa, wenyewe huinamisha vichwa. Wana mtu wao aliyeko huko, au aliyewahi kuwa huko, au aliyemo katika chumba cha uani ambaye wageni hawaonyeshwi.

Makala haya nimeyakusudia nyumba hizo kwanza, kisha sisi wengine. Nataka tuitazame historia ya hospitali ya Mirembe, Dodoma, tuone ilianza vipi na kwa shauri la nani. Kisha tujiulize suala moja: katika miaka yote hiyo, mgonjwa mwenyewe na jamaa zake waliulizwa nini?

ILIVYOANZA

Kabla ya serikali za kigeni, mtu akipatwa na maradhi ya akili alikuwa mikononi mwa watu wake. Walimpeleka kwa mwalimu akasomewa, au kwa mganga akapikiwa dawa, au waliketi naye wakasubiri. Hatusemi kwamba kila jambo la zamani lilikuwa jema. Kamba zilikuwepo, na pingu zilikuwepo, na wako waliofungwa kwenye mti mpaka ngozi ikachubuka. Lakini jambo moja lilikuwa wazi: waliomjua mgonjwa tangu utotoni ndio waliokuwa wakikaa shauri juu yake. Alikuwa na jina, na mama, na mahali pake pa kulala.

Walipokuja Wajerumani, wamisionari wa Betheli walijenga kituo Lutindi, katika milima ya Usambara. Mwanzo kilikuwa cha kulelea watoto waliokombolewa utumwani, kisha katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 kikaanza kupokea wagonjwa wa akili. Watu wa historia hukihesabu kuwa cha kwanza cha namna hiyo katika Afrika Mashariki. Upande wa Kenya, serikali ya Kiingereza ilifungua nyumba ya wenda wazimu Nairobi mwaka 1910, mahali palipokuwa pakitengewa wagonjwa wa ndui, na mwaka 1924 ikaitwa Mathari. Tanganyika nayo ilipokuwa chini ya Waingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ikafunguliwa hospitali ya Dodoma, mwaka 1927. Ndiyo hiyo Mirembe.

Kwa nini Dodoma? Mtu akitazama ramani hatashangaa. Reli ya kati kutoka Dar es Salaam ilifika pale mwaka 1910, na barabara kubwa ya kutoka kaskazini kwenda kusini yakutana nayo papo hapo. Mgonjwa aliweza kuletwa kutoka kila upande wa nchi. Kwa mtawala aliyekuwa akipanga mambo juu ya meza, palikuwa mahali pa kufaa. Lakini mahali palipo katikati ya nchi kwa ramani huwa ni mbali na kila mtu kwa safari.

Msomaji wa pwani, hebu fikiri. Mchukue kijana wa Kilwa au wa Pangani, mwana wa mvuvi, aliyeanza kusema peke yake na kutupa vitu. Chini ya sheria za siku zile mtu aliweza kutiwa hospitali hiyo kwa amri ya hakimu, akasafirishwa na askari. Akashushwa katika uwanda mkavu wa Ugogo, wenye mibuyu na upepo wa vumbi, nchi ambayo miaka michache nyuma ilikuwa imetoka katika ile njaa kubwa ambayo Wagogo huiita Mtunya. Hapana bahari, hapana samaki, hapana adhana aliyoizoea. Chakula ni ugali wa mtama na uwele, na lugha ya mji ni Kigogo. Mtu mwenye akili timamu angetishika. Je, yule ambaye akili yake tayari imo katika dhoruba?

Na huko nyuma Pangani, mama yake hajui kitu. Hakuulizwa maradhi yalianzaje, hakuulizwa mwanawe humtulizaje, wala hakuambiwa atarudi lini. Nasema haya si kwa kuwalaumu wauguzi wa Dodoma. Wengi wao walifanya kazi ngumu kwa mshahara mdogo, nao ndio waliowaosha na kuwalisha watu ambao sisi wenyewe tuliwakimbia. Nasema kwa kuwa mpango wenyewe ulijengwa hivyo: serikali kwa upande mmoja, mgonjwa kwa upande mwingine, na jamaa hana kiti.

Pia kulikuwa na fikra mbovu nyuma ya mpango huo. Daktari J. C. Carothers, aliyeiongoza Mathari kuanzia mwaka 1938 hadi 1950, aliandika kitabu juu ya akili ya Mwafrika, kikachapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Humo alimfananisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Leo wataalamu wamekikataa kitabu hicho. Nimekitaja ili ufahamu jambo moja: mtu akiisha kuamini kwamba aliye mbele yake hana akili ya kutosha hata akiwa mzima, atamuuliza shauri gani akiwa mgonjwa?

MILANGO ILIPOANZA KUFUNGUKA

Mambo mawili yalikuja kubadili hali hii. La kwanza ni dawa. Mwaka 1952, Ufaransa, ilianza kutumika kwa maradhi ya akili dawa iitwayo kloropromazini, na baada yake zikaja nyingine, na sindano ambazo mgonjwa huchomwa mara moja kwa wiki kadhaa. Dawa hizi haziondoi maradhi kama sabuni iondoavyo taka, lakini ziliwatuliza wengi hata wakaweza kurejea nyumbani. Na palipopatikana kurejea nyumbani, ndipo lilipozuka suala la nyumba: nani atampokea, na anajua nini?

La pili lilitoka kwa Waafrika wenyewe. Mwaka 1954, Daktari Adeoye Lambo wa Nigeria alianzisha mpango wake Aro, karibu na mji wa Abeokuta. Hakuwafungia wagonjwa katika wodi. Aliwapangia vyumba katika vijiji vya jirani, na sharti lake lilikuwa mgonjwa aje na jamaa yake, ampikie, amfulie, amlete hospitali asubuhi na kumrejesha jioni. Yule jamaa akawa mwenzi wa daktari. Alisema kilichomtisha mgonjwa, na alijifunza namna ya kumtunza baada ya kurudi kwao.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, waganga wa akili walikuwa wa kuhesabika kwa vidole na wodi za Mirembe zimejaa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na baadaye, vikaanzishwa vijiji vya kilimo vya wagonjwa waliopata nafuu, na Hombolo, nje kidogo ya mji wa Dodoma, ni katika mahali palipojulikana kwa kazi hiyo. Mgonjwa alishika jembe, akafuga, akaishi na watu badala ya kuishi na kuta. Mwanadamu anayelima chakula chake huanza tena kujiona kuwa ni mtu.

Mwaka 1978, mataifa yalikutana Alma-Ata, nchi ya Urusi ya siku zile, wakapitisha azimio la afya ya msingi. Katika yaliyopitishwa ni kwamba watu wana haki, tena wana wajibu, wa kushiriki katika kupanga na kutekeleza huduma za afya zao. Miaka miwili baadaye, 1980, Tanzania ilianza mpango wa taifa wa afya ya akili, ikausaidiwa na Shirika la Afya Duniani na serikali ya Denmark, kwa majaribio katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro. Kusudi lilikuwa mgonjwa atibiwe katika zahanati na hospitali iliyo karibu na kwao, na Mirembe ibakie kwa wale ambao lazima wafike huko. Pamoja nayo kuna Isanga, panapowekwa wagonjwa walioingia katika makosa ya jinai.

Kisha ikaja Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, na mwaka 2009 Tanzania ikaridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu. Mkataba huo unawaingiza pia wenye maradhi ya akili ya muda mrefu, na unataka washauriwe katika mambo yanayowahusu. Wenyewe nao hawakungoja. Kimeundwa chama cha wale waliopitia maradhi haya, kwa jina la kifupi TUSPO, ili waseme kwa vinywa vyao. Na huko kusini, Mtwara, katika miaka ya mwanzo ya karne hii, shirika la BasicNeeds lilianza kazi kwa kuwaita wagonjwa na walezi wao na kuwauliza kwanza: mwahitaji nini?

Namna hii si ngeni duniani. Mmarekani Clifford Beers, aliyewahi kulazwa na kuteswa katika nyumba za wenda wazimu, alitoa kitabu mwaka 1908 kueleza yaliyomfika, na mwaka uliofuata akashiriki kuunda kamati ya taifa ya kutengeneza hali ya hospitali hizo. Madaktari walikuwa wakiingia wodi zile kila siku, lakini wahenga wetu walikwisha sema: adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

DINI YETU YASEMAJE?

Huenda msomaji akasema: "Mwenda wazimu ataulizwaje shauri, naye hana akili?" Suala hili ni la haki, na linataka jibu.

Kwanza tukumbuke kwamba Waislamu hawakungoja Ulaya iwafundishe kumtunza mgonjwa wa akili. Nuruddin Zengi alijenga hospitali Dameski mwaka 1154. Sultani Qalawun wa Misri alifungua hospitali yake Kairo mwaka 1284, ikaendeshwa kwa mali ya wakfu, ikapokea tajiri na maskini, mwanamume na mwanamke, na wagonjwa wa akili walikuwa na mahali pao humo. Katika hospitali ya Halab iliyojengwa mwaka 1354 mpaka leo yaonekana nyua zenye chemchemi, ambapo mgonjwa alisikia maji yakitiririka. Na kabla ya hao wote, Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya siha ya mwili na siha ya nafsi, akaeleza kwamba nafsi nayo huugua na nayo hutibiwa.

Ama suala la akili, fikihi imelijibu vizuri kuliko tunavyodhani. Twajua sote kwamba mwenda wazimu hana dhima ya sala wala saumu katika hali ile. Na katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, mtu huyo huwekwa chini ya hijri, yaani huzuiwa kuuza na kununua, na walii wake akamsimamia. Lakini hijri hii ni ya kumhifadhi, wala si ya kumfuta. Na muda anapozindukana, hijri huondoka yenyewe, haingoji amri ya kadhi. Neno lake limerudi kuwa neno.

Tazama hekima hiyo. Wanazuoni walijua kwamba maradhi haya mengi hayaji yakakaa siku zote. Huja na kwenda kama mawimbi. Mtu aliyekuwa akipiga kelele mwezi wa Rajabu huenda mwezi wa Shaabani ameketi, amenyoa, anazungumza vizuri. Huo ndio wakati wa kumuuliza: "Ndugu yetu, ukianza tena tukufanyieje? Nani umwaminiye aje akushike mkono? Dawa gani ilikufaa, na gani ilikudhuru?" Akisema, yaandikwe, na yahifadhiwe nyumbani na hospitali. Lakini sisi hufanya kinyume. Akiwa mgonjwa twamfunga, akiwa mzima twamwogopa, na katika hali zote mbili hatumuulizi. Dini iliyoamrisha mashauriano, hata Sura ya Kurani ikaitwa Ash-Shura, haikumtoa katika shauri mtu ambaye shauri lenyewe ni lake.

YA KUULIZWA NI YAPI?

Nisije nikaonekana nasema maneno ya mimbarini tu, nitataja mambo yanayoonekana kwa macho.

Dawa hizi za akili zina madhara yake. Mgonjwa hutetemeka mikono, hukakamaa shingo, hutokwa na mate, hunenepa, hulala mchana kutwa. Wengi huziacha kwa sababu hiyo, kisha maradhi hurudi, na jamaa husema amekuwa jeuri au jini limegoma. Kama angeulizwa, na mama yake akaulizwa, daktari angeweza kupunguza kiasi au kubadilisha. Mara nyingi jambo dogo kama hili ndilo linalomrudisha mtu wodini.

Au chukua Ramadhani. Mgonjwa ameandikiwa vidonge mara tatu kwa siku. Mwezi ukiandama, naye amepata nafuu na anataka kufunga pamoja na wenzake, atafanya nini? Asipouliziwa na mtu, ataacha vidonge vya mchana bila ya kumwambia daktari. Dawa nyingine zaweza kupangwa zikanywewa wakati wa kufuturu na wakati wa daku. Nyingine, kama lithiamu, zina hatari kwa mtu aliyepungukiwa maji mwilini, naye huenda ni katika wale walioruhusiwa kula. Mwenye kujua dawa ni daktari, na mwenye kujua kwamba mtu huyu atafunga hata akikatazwa ni jamaa yake. Wasipokaa pamoja, kila mmoja amebaki na nusu ya ilimu.

Na yako ya waganga. Utafiti uliofanywa Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2003 ulikuta kwamba katika watu waliokwenda zahanati, asilimia 24 walikuwa na maradhi ya akili ya kawaida kama huzuni na wasiwasi. Kwa waliokwenda kwa waganga wa kienyeji walikuwa asilimia 48, maradufu yake. Maana yake watu wetu hupita kwa mganga na kwa mwalimu kabla ya kufika kwa daktari, au huenda kote pamoja. Hospitali isiyouliza haya kwa upole haitaambiwa. Mtu atajibu "hapana", huku hirizi imo chini ya kanzu. Kusomewa Kurani hakumzuii mtu kumeza kidonge, na kidonge hakimzuii kusomewa. Lakini kumfunga kamba, kumnyima chakula au kumchapa ili jini litoke ni dhulma, na aliye chini ya kamba ndiye atakayeidai kesho mbele ya Mola wake.

Basi kuwashirikisha wagonjwa na jamaa si kuwaita siku ya sherehe wapigwe picha. Ni kuwapa kiti panapoamuliwa mambo: saa za kuzuru wagonjwa ziwe zipi kwa mtu aliyesafiri kutoka Mtwara, sindano zitolewe zahanati gani, muuguzi atamzungumza mgonjwa kwa namna gani, na mtu akitoka apokelewe vipi. Aliyelala katika kitanda cha wodi ile anajua mambo ambayo hayamo katika faili.

WAJIBU WETU SISI

Sasa, ndugu msomaji, tuseme lililo chungu. Hospitali ikifungua mlango na kuweka kiti, je, sisi tutakuja kukikalia?

Mara nyingi imesemwa hadharani kwamba wako wagonjwa waliopona Mirembe na hawana wa kuwachukua. Barua zimeandikwa, simu zimepigwa, anwani waliyoacha jamaa si ya kweli. Zamani tulikuwa na udhuru: safari ilikuwa usiku mzima ndani ya treni, na nauli ilikuwa nzito. Leo Dodoma ni makao makuu ya serikali, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme yatoka Dar es Salaam na kufika huko kwa saa chache. Watu wetu huenda na kurudi kwa shughuli zao za ofisini na za biashara, wakapita karibu na lango la Mirembe, na ndugu yao yumo ndani.

Udhuru uliobaki ni aibu. Twaogopa binti hataposwa, twaogopa majirani watasema. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Na mali ya yule aliyelala huko, shamba lake la minazi na sehemu yake ya nyumba ya urithi, nani anaila? Walii amewekwa ahifadhi mali ya mgonjwa. Akiitumia kwa manufaa yake huku mwenyewe ameachwa hospitalini, huo ndio wizi, hata kama mtaa mzima wamwita mlezi.

Nami nina ombi dogo. Kama una mtu wako Mirembe, au Kidongo Chekundu, au Lutindi, au Mathari, nenda ukamwone kabla ya mwezi huu kwisha. Ukifika, mwombe muuguzi muda wa kuzungumza naye na mgonjwa awepo, na ulilo nalo la kusema ulitaje mbele yake. Ukirudi, wakusanye watu wa nyumbani, uwape habari kwa jina lake, si kwa kunong'ona. Na kama huna mtu huko, basi anza na ulimi wako: jina la hospitali lisiwe tusi tena nyumbani mwako. Mtoto anayesikia jina hilo likitajwa kwa heshima leo ndiye atakayekuja kukuchukua wewe, ikiwa ndivyo ulivyoandikiwa. Akili ni amana, na aliyetupa ndiye awezaye kuichukua usiku mmoja, kwa mwanachuoni na kwa mchukuzi sawasawa.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na atujaalie sisi kuwa watu wa kuuliza na kusikiliza kabla ya kuhukumu. Amin.